Talaka kwanza, posa baadae: kisa cha Knicks na kocha wao

Nianze na ile alfajiri ya tarehe 22 Mei 2025, maana kila nikihadithia hichi kisa hapa barzani nakatizwa naambiwa wee anzia pale ulipokwenda kuswali. Haya. Mechi za New York kwa saa zetu huku Unguja zinaanza saa tisa usiku, wenzetu kule bado ni saa mbili usiku wa jana, kwa hiyo anaefuata NBA, ligi ya basketi ya Marekani, kutoka huku ama hana kazi asubuhi ama ana wazimu, na mie kazi nnayo. Ilikuwa mechi ya kwanza ya fainali ya Kanda ya Mashariki, Knicks ya New York na Indiana Pacers, ndani ya Madison Square Garden, hatua ambayo Knicks hawajaigusa tangu mwaka 2000. Nimelala chali sebuleni, simu juu ya kifua, sauti nimeibana isimuamshe bimkubwa, bando la usiku linakwenda taratibu. Adhana ikanikuta naangalia. Nikasema ngoja kidogo. Robo ya nne Knicks wakafika mbele pointi 14 na zimebaki dakika tatu kasoro, nikasema hapa hapana kitu tena, nikaiacha simu juu ya mkeka nikatoka mbio niwahi jamaa. Nikaswali moyo mweupe kabisa. Narudi, nafungua mlango, makobazi bado yako mguuni, naona mpira unachezwa. Unachezwa vipi tena? Dakika za nyongeza.

Kumbe wakati mie nimesujudu, Aaron Nesmith wa Indiana, mtu ambae hata hawamuweki kwenye hesabu ya mastaa, kaendelea kutwanga za pointi tatu mpaka zikatimia sita kwenye robo ile moja tu, na sekunde za mwisho staa wao Tyrese Haliburton karudi nyuma kaurusha, mpira ukagonga ringi ukapaa juu kuliko kibao, ukakaa huko kama unafikiri, ukashuka ndani. Yeye alidhani ni tatu na mechi imekwisha, akajishika koo kama alivofanya Reggie Miller wa Indiana ya zamani uwanjani humo humo mwaka 1994, kumbe kiatu kilikuwa juu ya mstari, ni mbili, wako sare 125. Haikuwasaidia kitu Knicks. Indiana 138, Knicks 135. Siku ile nilifika kazini macho mekundu, mtu akaniuliza kama nna msiba.

Mfululizo wenyewe ukaisha tarehe 31 Mei, mechi ya sita, Knicks kapigwa 125 kwa 108, yuko nje kwa 4 kwa 2. Siku tatu baadae, tarehe 3 Juni, kocha wa Knicks, Tom Thibodeau, katimuliwa. Hapo ndo kisa chenyewe kinapoanza na ndo nnapotaka kukaa, maana mwezi mzima wa Juni hapa barzani hatukuzungumza jengine, hata wale wa mpira wa miguu walochoka na sie ikabidi washiriki.

Kwanza tuwe wakweli huyu bwana alifanya nini. Alichukua timu mwaka 2020 ambayo msimu uliotangulia ilishinda mechi 21 tu. Akaipeleka pleiofu, yaani mechi za mtoano za mwisho wa msimu, mwaka wake wa kwanza, akapewa tuzo ya kocha bora ya 2021, ya pili yake baada ya ile ya 2011 akiwa Chicago, na kwa jumla kaondoka New York na ushindi 226 kwa vipigo 174. Msimu wake wa mwisho, 2024-25, kashinda 51, kawatoa Detroit, kawatoa Boston waliokuwa mabingwa watetezi, kafika fainali ya kanda. Na mwezi wa Julai 2024 hao hao viongozi walimuongeza mkataba wa miaka mitatu, wino haujakauka. Mtu wa namna hiyo unamfukuza kwa lipi?

Ami yangu mmoja, yeye kaanza kuangalia basketi enzi za Jordan kwa kanda za video, jioni ile ile akaweka kikombe chini akasema "huyu mbona si mara ya kwanza, Chicago walimfanyia hivi hivi". Na kweli. Mwaka 2015 Bulls, ndo hao Chicago, walimtimua na kashinda mechi 50. Minnesota wakamchukua 2016, akawapeleka pleiofu 2018, mara yao ya kwanza tangu 2004, na Januari 2019 wakamtimua katikati ya msimu. Kote huko lawama ni ile ile moja: anawachezesha watu wake mpaka wanakatika. Ami ana donda la Derrick Rose, staa wa Bulls, mwaka 2012, mechi ya kwanza ya pleiofu, Bulls wako mbele pointi 12 imebaki dakika moja na kitu, Rose bado yuko uwanjani, goti likakatika. Mie siku zote namwambia ami goti linaweza kukatika hata dakika ya kwanza, ila yeye haelewi, na sidhani kama nitamuelewesha.

Basi hiyo ndo sababu ya kwanza iliyotembea: dakika. Na ina miguu kweli, siikatai. Msimu huo Josh Hart ndo alokuwa wa kwanza ligi nzima kwa wastani wa dakika kwa mechi, 37.6, na Mikal Bridges ndo alocheza dakika nyingi kuliko mtu yeyote kwa jumla ya msimu. Wale watano wa mwanzo, Brunson, Bridges, Hart, Anunoby na Towns, wamekaa uwanjani pamoja zaidi ya dakika 900, hapana kundi jengine la watano kwenye ligi lilofika huko. Mwezi wa Machi Bridges akasema mbele ya waandishi kuwa alikwenda kwa kocha kumueleza habari za dakika, na kocha akasema mazungumzo hayo hayakuwepo. Hapo mie nilishtuka zaidi kuliko kwenye ile mechi ya Haliburton, walahi. Mchezaji na kocha wakishaanza kupingana hadharani kama waliongea au hawakuongea, nyumba hiyo ishaanza kuvuja, hata kama mvua haijanyesha sana.

Na kinachouma ni kuwa dawa alikuwa nayo. Mechi ya tatu dhidi ya Indiana, ameshapoteza mbili za nyumbani, ndo akamtoa Hart kwenye watano akamuanzisha Mitchell Robinson, akawapa na kina Landry Shamet na Delon Wright, watu walokuwa wanapiga makofi tu benchini miezi na miezi. Walikuwa nyuma pointi 20, wakarudi wakashinda 106 kwa 100. Sasa yakhe, kama benchi lilikuwa na watu, ulikuwa unawaweka akiba ya nini? Ya harusi?

Sababu ya pili ndo ile wanayoipenda watu wengi, kuwa kafukuzwa kwa ile mechi ya kwanza tu. Hii naipita haraka maana siiamini. Kocha hamrushii Haliburton mpira ukapaa ukaingia.

Ya tatu ndo mie ninayoishika, na haina uhusiano na Thibodeau kama Thibodeau. Angalia pesa na ahadi walizotoa. Kumpata Bridges kutoka Brooklyn walilipa machaguo matano ya raundi ya kwanza ya drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji wapya wanaoingia ligi, matano! Kumpata Towns walitoa Julius Randle na Donte DiVincenzo. Jalen Brunson alikubali mkataba wa dola milioni 156.5 kwa miaka minne na angesubiri mwaka mmoja tu angeweza kupata kama milioni 269, aliacha pesa mezani ili timu ipate nafasi ya kununua watu. Ukishafanya hivo huwezi tena kuuza wachezaji, sheria mpya za mishahara zinakubana, machaguo huna, muda wenyewe ndo huu. Na ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1973! Kwa hiyo Leon Rose, alokabidhiwa timu na mwenye mali James Dolan, akitazama nyumba nzima kitu kimoja tu ndo kinaweza kubadilishwa bila ya kuvunja ukuta, nacho ni kocha. Ndo maana taarifa yao ilikuwa fupi, ubingwa tu, ubingwa kwa ajili ya mashabiki, hamna neno baya hata moja juu ya mtu mwenyewe.

Hapo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu unaanza siku ya pili yake.

Maana mtu akikwambia namuacha mke wangu utamuuliza una mwengine? Hawa hawakuwa na mwengine. Walitoa talaka halafu wakaenda kuposa wake za watu. Waliomba ruhusa Dallas wazungumze na kocha wao Jason Kidd, wakakataliwa. Houston kwa Ime Udoka, hapana. Minnesota kwa Chris Finch, hapana. Atlanta kwa Quin Snyder, hapana. Chicago kwa Billy Donovan, hapana. Milango mitano, yote wenyewe wamo ndani! Kwenye NBA kocha mwenye mkataba huwezi kumzungumzisha mpaka timu yake ikubali, na nani atakubali bure? Muuza kahawa, ambae basketi haijui kabisa, nilipomuelezea alicheka mpaka akamwaga, akasema huku kwetu ukiposa juu ya ndoa ya mtu unakimbizwa na fimbo.

Kuna walowatetea, wakisema kuuliza si ujinga, labda mmoja angekubali, na huyo Kidd alishawahi kucheza Knicks mwenyewe msimu wa 2012-13. Sawa. Lakini kama ulikuwa na shabaha ya mtu fulani ungeanza kupiga hesabu kabla hujamwandikia mwenzio talaka. Kugonga kwa watano, na watano wenyewe wakiwa hawafanani hata kidogo katika uchezeshaji, maana yake hujui unatafuta nini, unajua tu unachokikimbia. Hichi ndo kiini cha kisa kizima kwa upande wangu.

Hili nalijua kwa ngozi yangu. Timu yetu ya mtaani, jina naliacha, miaka ile tulikuwa na kocha mtu mzima, mwalimu wa skuli. Alikuwa akichezesha watano wale wale, sie wengine tunakaa ukingoni mwa kiwanja kwenye saruji ya moto tunalinda viatu. Akichora mchezo kwa kipande cha mkaa pale pale chini, mishale na duara, ukimaliza mazoezi soksi zote nyeusi, mama zetu wakimlaani. Tukakaa kikao, tukamwambia shukran maalim, inatosha. Akaitikia vizuri tu, akatupa mkono mmoja mmoja. Kesho yake tunafika kiwanjani saa kumi, hamna mpira. Mipira yote miwili ilikuwa yake! Akiihifadhi kwake, akiitia upepo kwake, na hapana hata mmoja wetu alowahi kuuliza ile mipira ni ya nani. Kama miezi miwili tukawa wachezaji kumi na tatu na hatuna mpira, kila mmoja anajua nani hafai kuwa kocha, hapana anaejua nani anafaa. Kwa hiyo nilipoona Knicks wanahangaika mwezi mzima nilikuwa nawaelewa kabisa, wao mipira wanayo, ila ule ulinzi wa Thibodeau, kile kiburi cha kukimbilia kila mpira uliopotea, hivo vyake. Nani atavitia upepo?

Sasa mtu ataniambia mbona wengine wanafukuza na wanafanikiwa. Kweli, na hapa lazima niwe mwadilifu. Mifano haiendi upande mmoja.

Cleveland mwaka 2024 walimtimua J.B. Bickerstaff baada ya kutolewa raundi ya pili, wakamleta Kenny Atkinson, wachezaji takriban wale wale, wakashinda mechi 64 na Atkinson akawa kocha bora wa mwaka. Sawa, pleiofu wakatolewa na hao hao Indiana 4 kwa 1, lakini hatua ilionekana. Na Bickerstaff mwenyewe akaenda Detroit, timu iliyoshinda 14 tu msimu kabla yake, akawapeleka kwenye 44, na ndo walowatoa jasho Knicks mechi sita raundi ya kwanza. Yaani talaka ile kila mmoja kapata heri. Lakini Cleveland walikuwa wanajua wanachokitaka, ulinzi wanao, walitaka mtu wa kufungua ushambuliaji, wakamtafuta mtu wa sifa hiyo.

Halafu geuka uangalie Phoenix. Walimtimua Monty Williams 2023, mtu alowafikisha fainali 2021 na kushinda mechi 64 msimu uliofuata. Akaja Frank Vogel, mwaka mmoja, nje. Akaja Mike Budenholzer, mwaka mmoja, ushindi 36, nje. Juni 2025 akaja Jordan Ott. Makocha wanne kwa mechi za miaka miwili na kitu, na timu ikawa inashuka tu kama gari iloachia breki kwenye mteremko. Kila mmoja wao aliletwa kwa sababu hafanani na alotangulia, basi.

Na mashabiki wa Yanga hapa barzani, ambao ni wengi na wana makelele, walinijia juu na mfano wao. Gamondi kachukua ubingwa, Novemba 2024 kapigwa chini baada ya vipigo viwili, kaja Ramovic, kakaa kidogo Februari kaondoka kwenda Algeria, kaja Hamdi, na msimu ukaisha na kombe la ligi, na lile la shirikisho wamelibeba hapa hapa kwetu New Amaan mwisho wa Juni. "Makocha watatu, makombe yote, wee unatuambia nini?" Nikawajibu kuwa timu yenye kikosi kuliko wote inaweza kufundishwa hata na muuza kahawa. Haikupokelewa vizuri hiyo. Ila ndo jawabu langu, Knicks si Yanga ya Mashariki, hawajawazidi wenzao kwa umbali huo.

Mwisho wa yote, mwanzo wa Julai, wakamchukua Mike Brown. Na hapa ndo kisa kinanichanganya, maana mtafutaji alikuwa ovyo lakini alochokipata, mie nnaona, si kibaya hata kidogo.

Brown watu wanamkumbuka kwa LeBron na fainali ya 2007, au kwa kufukuzwa. Kafukuzwa kweli, Cleveland wamemuacha 2010, wakamrejea 2013, wakamuacha tena 2014, Lakers wakamtoa baada ya mechi tano tu za msimu, Sacramento wakamtoa Desemba 2024. Mtu alopewa talaka zote hizo ukimleta nyumbani bibi atakuuliza maswali. Lakini tazama upande wa pili. Mwaka 2017 kocha Steve Kerr alipougua mgongo, Brown, msaidizi wake, ndo aloishika Golden State kwenye pleiofu, mechi 11 hajapoteza hata moja. Sie Waafrika tunamjua kwa jengine, ndo huyo alokuwa na Nigeria walipoifunga Marekani 90 kwa 87 kule Las Vegas Julai 2021, mechi ya kirafiki sawa, na Olimpiki Nigeria hawakushinda hata moja, lakini ile siku hapa kulikuwa na watu wanashangilia utasema ni Zanzibar Heroes.

Na la maana zaidi ni Sacramento ya 2023. Timu ilokaa miaka 16 bila pleiofu, akaipeleka mwaka wake wa kwanza, na akapewa tuzo ya kocha bora kwa kura zote. Alifanyaje? Alimuweka Domantas Sabonis, mtu mrefu, juu pale kwenye pembe ya mstari wa mipira huru, mpira unapita kwake, wengine wanakata na kukimbia. Sasa Knicks wana Karl-Anthony Towns, mtu mrefu, anapasa, na anarusha tatu kuliko Sabonis mara kadhaa. Msimu wa 2024-25 mechi ikibana mpira ulikuwa unakaa mkononi kwa Brunson sekunde kumi na mbili huku wanne wamesimama kama wanangoja daladala. Brunson ni bingwa wa dakika za mwisho, tuzo hiyo kaichukua mwaka 2025, sikatai, ila robo ya nne anafika keshachoka. Brown akiweza kumfanya Towns awe mlango wa pili wa kuingilia, hata dakika zenyewe zitapungua bila ya mtu kugombana.

Benchi nalo likaongezwa, Jordan Clarkson na Guerschon Yabusele, na huu ndo ujumbe kwa kocha: hawa wachezeshe. Halafu kuna jambo ambalo tarehe 3 Juni hapana alolijua. Jayson Tatum wa Boston alikuwa keshakatika mshipa wa kisigino mwezi wa Mei, na tarehe 22 Juni, mechi ya saba ya fainali dhidi ya Oklahoma City, Haliburton nae akakatika mshipa huo huo. Mashariki ikabaki wazi kama uwanja wa Forodhani asubuhi. Kama Thibodeau angebakia, wangesema kocha wa mechi 51 ana njia nyeupe. Katimuliwa, na njia nyeupe kaikuta Brown. Riziki ya mtu haina mwenyewe, ami kasema, na kwa mara ya kwanza mwezi mzima nikakubaliana nae.

Basi tukawekeana ahadi mie na ami, si kamari, ahadi. Ikifika siku ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari 2026, tunafungua simu tunaangalia Josh Hart anacheza dakika ngapi kwa mechi. Zikiwa chini ya 33 mie nimeshinda, ami ananinunulia kahawa na kashata mwezi mzima, zikiwa juu nanunua mie na naomba radhi hadharani kwa niaba ya Derrick Rose. Muuza kahawa ndo shahidi. Kitu kimoja tu bado hatujakubaliana, kama dakika za nyongeza zinahesabiwa au hazihesabiwi.